Usivute Usichoweza Kukisimamisha

Mazungumzo ya mtangazaji mmoja
Mada: Uzito wa chombo na nguvu yake ya kuvuta
Muda: dakika 16

(MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUSHWA CHINI YA SAUTI)

Leo tunazungumza juu ya mizigo: nini kinaibeba, nini kinaivuta, na nini kinaizuia isitukanyage.

Swali la leo limetoka kwenye kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Wanachama wake ni Warundi wanaojiandaa kurudi nyumbani. Wameweka akiba kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mpango wao ni kununua viazi na kabichi kule Ijenda, milimani, na kuviteremsha mpaka soko la Musaga, Bujumbura. Sasa wameambiwa kuna mtu anauza kwadi iliyotumika, pamoja na tela lake. Kwadi ni ile pikipiki nene ya magurudumu manne, yenye matairi mapana na usukani kama wa pikipiki. Muuzaji anawaambia kwamba inavuta kilo mia sita. Wao wanatuuliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, tununue?

Jibu fupi ni hili: nambari hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado ununuzi ukawa mbaya. Jibu refu ndilo mazungumzo yetu. Na wewe ambaye huna mpango wa kununua chombo chochote, usizime redio. Kanuni inayoitawala kwadi ndiyo hiyohiyo inayolitawala toroli unalobebea mgao wako.

(MUZIKI MFUPI)

Tuanze na nambari za viwandani. Nimechagua vyombo vitatu.

Cha kwanza ni Honda Rancher. Ina uzito wa karibu kilo 270, na kiwanda kinairuhusu ivute kilo 385. Cha pili ni Yamaha Grizzly 700. Uzito wake, ikiwa na petroli na oili ndani, ni karibu kilo 314, na inaruhusiwa kuvuta kilo 600. Cha tatu si kwadi hasa. Ni kigari cha shambani chenye viti, usukani wa mduara na bodi ya mzigo nyuma, kinaitwa Kawasaki Mule PRO-FX. Chenyewe kina karibu kilo 800, kinaruhusiwa kuvuta kilo 907, na kwenye bodi yake hubeba kama kilo 450.

Sasa linganisha. Honda inavuta uzito wake mara moja na karibu nusu. Yamaha inavuta uzito wake karibu mara mbili. Kawasaki, ambacho ni kikubwa kuliko vyote, kinauzidi uzito wake kidogo tu. Kwa hiyo ukitazama karatasi peke yake, unaweza kudhani kwamba Yamaha ndiyo dume kuliko zote. Lakini karatasi ina mambo matatu ambayo muuzaji hakutajii.

Jambo la kwanza: kilo 600 ni pamoja na tela lenyewe. Tela la chuma lina uzito wake. Kama ni kilo 100, mzigo uliobaki ni kilo 500. Ndugu zangu wa kikundi, mlikuwa mmehesabu magunia sita ya kilo mia. Gunia la sita limeshachukuliwa na tela kabla hamjapakia kiazi hata kimoja.

Jambo la pili: kuvuta na kubeba ni vitu viwili tofauti. Yamaha hiyo inayovuta kilo 600 ina vichanja viwili vya kubebea, kimoja mbele na kimoja nyuma. Cha mbele kinaruhusiwa kilo 50, cha nyuma kilo 90. Jumla ni kilo 140, yaani madumu saba ya maji ya lita ishirini. Bido saba tu! Ukizidisha hapo, hasa nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Ukipanda mlima, chombo kinainuka mbele kama farasi na kumwangukia dereva.

Jambo la tatu ndilo kubwa: nambari ya kuvuta unaisoma kwa ardhi tambarare. Nchini Uingereza, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini imewapa wakulima kipimo chepesi cha kukumbuka. Kwenye ardhi tambarare, tela lisilo na breki zake lenyewe lisizidi mara mbili ya uzito wa kwadi. Tela lenye breki zake lisizidi mara nne. Na kwenye mteremko, punguza. Angalia Yamaha yetu: mara mbili ya 314 ni 628. Kilo 600 za kiwandani zinakaa ndani ya kipimo hicho. Lakini ni cha tambarare, na barabara ya Ijenda si tambarare.

(MUZIKI MFUPI)

Mimi ni mtoto wa Musaga. Anayeijua Musaga anajua kwamba barabara kubwa ya taifa namba saba inapita katikati yake, na ukiifuata kwenda juu unafika Ijenda. Ijenda iko zaidi ya mita 2000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 na kitu. Kwa hiyo, kutoka Ijenda mpaka Musaga, mzigo wako unashuka zaidi ya mita 1000 ndani ya kilomita zipatazo thelathini. Hiyo ni lami. Vinjia vya udongo vinavyotoka mashambani hadi barabarani ni vikali zaidi.

Sasa chukua kalamu, au chora chini kwa kijiti. Hesabu hii haihitaji shule kubwa.

Mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100 unarudisha nyuma sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Kila kilo 100 inarudishwa kwa nguvu ya kilo 10, yaani nguvu ile unayotumia kuinua dumu la lita kumi. Tuseme kwadi ya kilo 314 ina dereva wa kilo 66. Jumla kilo 380. Nyuma ina tela la kilo 100 lenye magunia manne ya kilo mia. Jumla kilo 500. Vyote pamoja ni kilo 880. Mlima huo unazirudisha kwa nguvu ya kilo 88.

Ongeza ugumu wa njia. Kwenye lami, magurudumu yanazunguka kwa urahisi, yanakula kama kilo 2 kwa kila 100. Kwenye udongo mkavu ulioshindiliwa, kama 5. Kwenye matope au mchanga, 10 na zaidi. Hayo ni makadirio, lakini yanatosha kutufundisha.

Basi, kupanda kwa njia ya udongo mkavu: 88 za mlima na 44 za njia, jumla 132. Kupanda kwa matope: 88 na 88, jumla 176.

Je, kwadi inazo nguvu hizo? Injini inazo. Lakini injini haivuti kwa hewa, inavuta kwa tairi, na tairi inavuta kwa kung'ang'ania ardhi. Kwenye udongo mkavu tairi hushika kama nusu ya uzito ulio juu yake. Nusu ya 380 ni 190. Unahitaji 132, unazo 190, unapanda. Kwenye udongo uliolowa tairi hushika labda robo. Robo ya 380 ni 95. Unahitaji 176, unazo 95. Hapo matairi yatazunguka palepale, yatachimba shimo, na injini itanguruma bure hata kama ni ya nguvu za simba.

Umeona? Kinachovuta ni uzito wa chombo unaokandamiza matairi chini. Ndiyo maana uzito wa chombo si kasoro. Chombo chepesi chenye injini kali ni kama mtoto mwenye misuli anayevuta ng'ombe akiwa amesimama juu ya maganda ya ndizi. Na ndiyo maana kile kigari cha Kawasaki kina faida yake: mzigo ukiwa kwenye bodi yake, unayakandamiza matairi yaleyale yanayovuta. Mzigo ulio kwenye tela unayakandamiza matairi ya tela, ambayo hayavuti.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa tugeuke. Mpaka hapa tumepanda. Lakini viazi vinatoka Ijenda vikishuka. Tela linapanda tupu na kushuka limejaa. Kwa hiyo swali la kweli la kikundi chetu si "inavuta kilo ngapi?" Swali ni "inasimamisha kilo ngapi?"

Turudi kwenye chombo chetu kilekile, mlima uleule wa mita 10 kwa mia, lakini tunashuka. Mvua imenyesha, udongo umelowa juu ila chini bado ni mgumu. Tuseme njia inakula kilo 4 kwa kila 100. Tela halina breki.

Kwanza kwadi peke yake na dereva wake, bila tela. Mlima unaisukuma kwa kilo 38. Njia inazuia kama 15. Zinabaki 23 za kuzuiwa na breki. Tairi zinashika 95. Kwa hiyo breki ina akiba ya kilo 72 ya kusimamisha uzito wa kilo 380. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, chombo kinasimama kwa kama mita 8. Sawa.

Sasa funga tela lenye magunia manne. Mlima unasukuma kwa kilo 88. Njia inazuia 35. Zinabaki 53 za kuzuiwa. Tairi za kwadi bado zinashika zile 95 tu, kwa sababu tela halisaidii kufunga breki. Akiba imebaki kilo 42, na sasa inasimamisha kilo 880. Kwa mwendo uleule, utasimama baada ya mita 33 hivi. Kutoka hatua nane hadi hatua thelathini na tatu. Katikati ya hatua hizo kuna watoto wanaochota maji.

Na mlima ukiwa mkali zaidi, mita 15 kwa mia? Unasukuma kwa kilo 132. Njia inazuia 35. Zinabaki 97. Tairi zina 95. Hapo hausimami kabisa. Unakanyaga breki, magurudumu yamefungwa, na bado unakwenda. Kisha tela linaanza kupita ubavuni, linaikunja kwadi kama kisu cha kukunja, na chombo kinapinduka juu ya mtu wake.

Sikuambii haya kukutisha bure. Kule Australia, ambako wakulima wengi wana kwadi, kwa miaka mingi vyombo hivi vilikuwa miongoni mwa vinavyoua watu wengi mashambani, hasa kwa kupinduka. Serikali yao ikaweka sheria: kuanzia Oktoba 2021, kwadi mpya ya kazi haiuzwi bila kifaa cha kumlinda dereva inapopinduka. Hao ni watu wenye karakana, hospitali na ndege za kubeba majeruhi. Sisi tuna machela na mabega ya majirani.

(MUZIKI MFUPI)

Lakini ndugu, hekima hii haikutoka ng'ambo. Wabebaji wetu waliijua zamani.

Watazame vijana wa baiskeli wanaoteremsha ndizi na makaa kuingia Bujumbura. Baiskeli ina kilo 20 hivi. Juu yake kuna mafungu ya ndizi yanayozidi kilo mia. Hakuna kwadi duniani inayobeba mara tano ya uzito wake. Baiskeli inaweza, kwa sababu mlima ndio unaofanya kazi ya kusukuma. Kazi ya kijana ni moja tu, kuzuia. Breki za kiwanda hazimtoshi, anaongeza soli ya kiatu juu ya tairi. Na pale kiatu kinaposhindwa, kwenye kona, huwa tunasikia habari yake. Kupanda nako, kwenye barabara ya Bugarama, wengi hung'ang'ania nyuma ya malori, na wako waliokufa hivyo.

Na ninyi ndugu zangu mliotoka Kivu, mnaijua chukudu, baiskeli ile ya mbao isiyo na pedali. Goma wameijengea sanamu katikati ya mzunguko wa barabara. Chukudu hubeba mamia ya kilo ikishuka kutoka vijijini. Mtazame mwenyewe wa chukudu kabla hajaondoka: hagusi kwanza mzigo, anagusa kwanza kipande cha mpira kilicho nyuma, kile anachokikanyaga ili kibane gurudumu. Breki kwanza, mzigo baadaye.

Hapa kambini tunasukuma toroli na mikokoteni. Hesabu ni ileile. Mkokoteni wenye kilo 200 za unga na maharage, kwenye mteremko wa mita 10 kwa mia, unasukuma kwa nguvu ya kilo 20. Mtu mzima kwenye udongo mkavu anaweza kuuzuia. Mtoto wa miaka kumi hawezi. Kwa hiyo usimtangulize mtoto mbele ya mkokoteni unaoshuka, hata kama anataka kusaidia. Mfunge kamba nyuma ya mkokoteni, si mbele, na watu wazima wawili waushike kamba wakiwa upande wa juu. Beba jiwe au kipande cha gogo cha kuweka chini ya gurudumu mkipumzika. Na mvua ikinyesha, punguza mzigo nusu, uende mara mbili. Safari ya pili ni jasho tu.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa nawajibu rasmi ndugu zangu wa kikundi.

Kwa safari ya Ijenda hadi Musaga, kwa barabara ya lami, kwadi yenye tela lisilo na breki si chombo chenu. Barabara ile ina malori na magari madogo yanayoshuka na bidhaa. Kukodi nafasi kwenye lori, mkiwa wengi na magunia mengi, kunaweka akiba yenu salama, na anayeendesha ana breki zilizotengenezwa kwa uzito huo.

Kwadi ina mahali pake. Ni pale gari lisipofika: kutoka shambani mpaka barabarani, kilomita mbili au tatu za udongo, kwa mzigo mdogo na mwendo wa polepole. Kama kazi yenu ni hiyo, basi kabla ya kutoa hata faranga moja, fanyeni haya.

Someni kibandiko kilicho kwenye chombo chenyewe. Pale ndipo kiwanda kimeandika kilo za kubeba na kilo za kuvuta. Kama kibandiko kimebanduliwa, jiulizeni kwa nini. Kwenye mlima, chukueni nusu ya nambari ya kuvuta kama mwisho wenu, tela likiwa ndani ya hesabu, na msimu wa mvua shukeni chini ya hapo. Kijaribuni kikishuka, si kikipanda. Anzeni na tela tupu, kisha gunia moja, kwa gia nzito, na muone kama kinasimama pale mnapotaka.

Tela lifungwe kwenye ndoano yake ya chini, karibu na ekseli. Usifunge kamba ya kuvutia kwenye kichanja cha juu, kwa maana itaivuta kwadi kinyumenyume. Magunia mazito yakae juu ya ekseli ya tela, yakielekea mbele kidogo, yasilundikwe nyuma. Na kwadi ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Kiti kimerefushwa ili dereva aweze kusogea na kuegemea mlima, si kwa ajili ya abiria, na si kwa ajili ya mama mjamzito anayewahishwa zahanati.

Kisha ulizeni mambo matatu ya mjini. Moja, ruhusa: Machi 2022, baiskeli, pikipiki na tuktuk zilizuiwa kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, kwa hiyo waulizeni walioko kule chombo cha aina hii kinaruhusiwa mpaka wapi. Mbili, petroli: Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta miaka hii, na tangi la Yamaha ile linameza lita 18. Tatu, vipuri: fundi wa karibu wa pikipiki ana mkanda wake, ana matairi yake? Pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu haina sifa nyingi kwenye karatasi, lakini mafundi wanaijua. Chombo kilicholala kwa kukosa mkanda kinavuta kilo sifuri.

Akiba yenu ilitoka kwenye jasho na mgao mliojinyima. Msiipeleke kwenye nambari moja aliyoitaja muuzaji.

(MUZIKI MFUPI)

Tukusanye tuliyosema. Nambari ya kuvuta ni pamoja na tela, na ni ya tambarare. Kinachovuta ni tairi inayoshika ardhi, na tairi hushika kwa uzito ulio juu yake. Kwenye mteremko, tela lisilo na breki linaongeza kazi ya breki bila kuongeza nguvu yake. Na mvua hukata kila nambari nusu au zaidi.

Maswali kwa vikundi vya kusikiliza:

1. Ni mteremko upi katika kambi yenu ambao mikokoteni imewahi kumshinda mtu? Pimeni mita 100 kwa hatua, na mkadirie unashuka mita ngapi.
2. Toroli au mkokoteni wenu una breki gani? Je, mnaweza kutengeneza ya mpira wa tairi kuukuu, kama ile ya chukudu?
3. Nani huwatuma watoto na mizigo ya kushuka, na kazi hiyo inaweza kugawanywaje?
4. Kama kikundi chenu kingenunua chombo cha mizigo, kingefanya kazi kwenye njia ipi hasa, na mzigo mzito ungekuwa unapanda au unashuka?

Leteni majibu yenu kwenye kisanduku cha kipindi, au mpeni mwakilishi wa kikundi. Wiki ijayo tutasoma yatakayotufikia, na kama kuna fundi kati yenu aliyetengeneza breki ya mkokoteni inayofanya kazi, tutampa nafasi aeleze kwa sauti yake.

Mpaka wakati huo, shukeni polepole. Kwa herini.

(MUZIKI WA KUFUNGA)